Picha ya Jilala Haifunguki

Jumatatu, 9 Juni

Nimeficha jambo kwa miaka minane. Sauti ya marehemu mdogo wangu Jilala, ile ambayo ukoo mzima uliisikia ikiniachia shamba lake, haikuwa sauti yake. Ilikuwa yangu.

Basi, nimeandika. Daktari amesema moyo umevimba na nisijisumbue na mipango ya mbali.

Ilikuwa hivi. Jilala alipooza upande mmoja, ulimi ukafa. Siku ya tatu niliachwa naye peke yangu mchana. Nikainua simu na kumwigiza: Kiswahili chake kizito cha mtu wa ng'ombe, anavyoburuza maneno kama anavuta kamba. Nimesimamia michezo ya kuigiza shuleni miaka thelathini. Niliigiza vizuri sana. Alfajiri akafariki. Nikawaambia watu kwamba kauli ilimrudia kidogo, kama inavyotokea kwa wanaoaga. Wakaamini.

Kosa moja tu. Nilitaka kurekodi sauti, nikabonyeza video.

Kwa hiyo picha imo, ila haijawahi kuonekana. Nimelisoma jambo hili. Faili la video ni kama sanduku: ndani mna picha na mna sauti, kila kimoja kimekunjwa kwa namna yake. Deki yangu ya zamani inafungua sanduku, sauti inaitambua, picha inaikataa. Kioo cha televisheni kinakuwa cheusi. Ukoo ulikaa mbele ya weusi ule ukasikiliza. Wengine walivua kofia.

Leo amefika Asteria kutoka Mhunze, mtoto pekee wa Jilala. Akapiga goti, shikamoo baba mkubwa, akaanza kunipikia uji. Halafu akasema Jumapili, kwenye kumbukumbu ya baba yake, anataka kumwona. Kusikia amesikia vya kutosha.



Jumanne, 10 Juni

Magesa amekuja kujitapa. Huyu ni jirani yangu, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa kujua kila kitu. Amenunua televisheni mpya. Alisema inafungua faili la namna yoyote, hata likitoka kuzimu. Akaturuhusu tuitumie Jumapili. Nilimjibu kwamba marehemu asikilizwe nyumbani kwa kaka yake. Asteria akakubali. Magesa akaondoka na televisheni yake mdomoni. Bao moja kwangu!

Lakini nisibweteke. Kuitupa flashi niliyohamishia faili kutoka kwenye simu siwezi. Sauti ndiyo hati yangu ya shamba, na tangu wachimbaji wapate mwamba wa dhahabu pale, kuna binamu wangependa ipotee. Kinachotakiwa ni picha ife, sauti ibaki. Asteria alipokwenda kisimani nikaazima kompyuta yake, nikabadilisha herufi za mwisho za jina la faili. Zamani zilisema video. Sasa zinasema wimbo. Kazi ya dakika moja. Wasomi tuko wachache.

Nikajaribu kwenye deki, pazia limefungwa. Sauti ikaanza: "Bujiku, kaka yangu, shamba nakuachia wewe." Kioo cheusi. Ndani ya weusi nikaona uso wa mzee amelala, mashavu yameingia, mdomo umefumbwa, na maneno yanaendelea kutoka. Nikapiga yowe.

Ulikuwa uso wangu, unaakisi kwenye kioo. Sikujua kwamba uzeeni nimefanana naye kiasi hicho.

Alhamisi, 12 Juni

Msiba. Nilimuuliza Magesa kijanja, kama mtu anayepitisha muda, iwapo jina la faili likibadilishwa mashine inadanganyika. Alicheka hadi akakohoa. Alisema mashine haisomi jina mlangoni, inaingia ndani kutazama. Akaongeza kwamba mwalimu mkuu mzima kama mimi angelijua hilo.

Kwa hiyo picha itolewe kabisa. Ghati, yule mama anayewawekea watu nyimbo kwenye flashi pale senta, angeitoa mara moja. Lakini lazima aifungue kwanza. Hapana.

Nimefanya mwenyewe, Asteria akiwa gulioni. Programu ya kompyuta yake ilinipa orodha ndefu ya maumbo ya kugeuzia faili. Maandishi madogo kama mchwa. Nikawaza kisomi: umbo la zamani kabisa lazima liwe maskini kuliko yote, litabeba sauti tu. Nikachagua lile la chini kabisa. Mashine ikahesabu hadi mia moja. Nikafuta faili la awali, nisije nikajuta.

Sikuthubutu kutazama. Lakini imekwisha. Nimelala vizuri mchana wote.

Ijumaa, 13 Juni

Paroko Eliya amekuja kunisikiliza. Nikaungama wivu juu ya televisheni ya Magesa. Akasubiri. Nikaungama kiburi. Akaendelea kusubiri, amenikazia macho.

Hapo sauti yangu ikaanza kusema chumba cha pili.

"Bujiku, kaka yangu..."

Kumbe Asteria aliinasa kwenye simu yake tangu siku ile ukoo ulipokusanyika. Paroko alisikiliza hadi mwisho, akasema marehemu alikuwa na sauti kama yangu kabisa. Nikamwambia tumbo moja. Akanibariki na kuondoka polepole, akigeuka mara mbili.

Nilimuuliza Asteria kwa nini anasikiliza. Alisema husikiliza karibu kila siku. Hutega sikio labda kuna mahali jina lake lilitajwa, halikusikika vizuri.

Halipo. Sikulikumbuka. Nilikuwa na haraka.

Jumapili, 15 Juni

Ibada ikaisha, wali ukaliwa. Ukoo ukajaa sebuleni. Magesa akasema kwa mara ya mwisho kwamba kwake tungeona kila kitu. Nikasimama kwa mkongojo, nikatangaza kwamba deki yangu ya zamani inatosha. Nikachomeka flashi kwa mkono wangu mwenyewe.

Picha ikatokea.

Safi, bila mkwaruzo. Lile umbo la zamani nililolichagua ndilo ambalo kila deki nchini inalitambua! Sikuiua picha. Niliifungulia mlango.

Jilala kitandani, shati la kijani. Nilikuwa nimelisahau shati lile. Macho wazi, yananitazama mimi niliyeshika simu. Yaani yanatutazama wote. Sauti inasema shamba nakuachia wewe. Mdomo wake umefumbwa. Na kichwa kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, taratibu. Kushoto. Kulia. Hadi mwisho.

Nikawahi kusema mashine imechelewesha sauti, maneno na picha vimepishana. Magesa, Mungu ambariki kwa kujua mambo, akaunga mkono: hata kwake ilishatokea, midomo huku na maneno kule. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa.

Asteria hakuitikia. Alisogea, akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya shavu la baba yake.

"Baba mkubwa," akasema, "baba alikuwa anakataa nini?"

Nikamwambia alikuwa anafukuza inzi. Msimu ule walikuwa wengi.

Halafu akanifunika blanketi miguuni, akatoka nje bila kuaga.

Nadhani imepita. Magesa yuko upande wangu, jambo la ajabu. Kesho nitaazima tena kompyuta ya Asteria. Lazima iwepo programu ya kukata mwishoni, pale kichwa kinapozidi.

Lakini hapa niandike. Nilimwona. Kila alipotikisa kichwa, nilipaza sauti zaidi. Hapakuwa na inzi.