Shosho Hakubali Kuwa Mgonjwa

Jumatatu, 22 Desemba
Kachibora. Ukungu hadi mlangoni. Nimemsuka nywele nyanya yangu, Shosho Rahab, kisha nikaegemeza sikio mgongoni kwake. Moyo unapiga, unapumzika, unawaza, unapiga tena. Daktari wa Kitale anataka kumwekea kifaa cha kuusukuma kabla mwezi haujaisha. Pesa ziko benki. Lakini korti imefunga akaunti tangu Mjomba Muchiri, mwanawe, ashtaki kwamba Shosho anakula mali ya marehemu Guka, mumewe, peke yake. Na majaji wako likizo. Amebaki mmoja wa zamu, Bungoma. Wakili wetu, Bwana Wamalwa, amempelekea ombi la dharura. Tutasikizwa Jumatatu ijayo. Amesema ni vizuri jaji amwone Shosho mwenyewe.

Amwone. Nimekaa na neno hilo mchana kutwa, nikitazama ukungu. Nina mpango.

Jumatano, 24 Desemba
Mazoezi. Nimemwomba Shosho akohoe kidogo mbele ya jaji. Akauliza kama ninamfundisha uwongo mkesha wa Krismasi. Nikasema si uwongo, ni kikohozi cha mapema. Akanituma nikachambue mchele.

Gladwell, binti ya Mjomba, alikuwa mlangoni akisikia yote. Anasoma chuo kule Kibabii, basi dunia ni yake. "Ati unamfunza shosho kuugua? Si ni moyo? Kikohozi kinaingilia wapi, bana?"

Jibu zuri sana nililipata jioni. Nikamwambia ng'ombe.

Jumatatu, 29 Desemba
Bungoma. Kabla ya safari nilimpaka Shosho poda usoni ili apauke. Akadhani ninamrembesha. Akaomba kioo, akatabasamu, akavaa kofia ya kanisa. Gladwell alitupokea mlangoni mwa korti: "Huyu ni mgonjwa ama bibi harusi?"

Ndani, mwanga wa madirisha ulinichukua. Nikajiona jaji, nikifungua akaunti za dunia nzima kwa kidole kimoja. Nikashtuka. Jaji alikuwa akimuuliza Shosho hali yake.

Shosho akasimama. "Bwana asifiwe."

Korti nzima ikaitika amina, hata karani. Akasema ameokoka, ni mzima, hana neno, Mungu ni mwema. Bwana Wamalwa akajifunika uso kwa faili. Wakili wa Mjomba akasema, kwa furaha, kwamba hana swali.

Hapo ndipo nilipaswa kuinuka niseme ukweli. Sauti ilikuwa imebaki Kachibora.

Jaji akamwomba Shosho asogee mbele. Akatembea kidogo, akasimama katikati, kifua kikipanda na kushuka. Karani akauliza kama kuna shida. Shosho akasema hapana, anatazama tu madirisha, ni mazuri. Akayatazama muda mrefu. Poda ikateremka na jasho.

Kisha Mjomba Muchiri akainuka, akabeba kiti alichokuwa amekalia, akakiweka nyuma ya Shosho.

"Keti, mama," akasema.

Jaji hakuuliza tena. Akaamuru benki iilipe hospitali moja kwa moja, leo leo. Mengine yasubiri likizo iishe.

Jumatano, 31 Desemba
Kitale, wodini. Kifaa kimewekwa. Nimeegemeza sikio tena. Moyo unakwenda kama mtu anayejua anakokwenda. Nimelia kidogo, nikiangalia nje.

Kwa hiyo poda ilifanya kazi. Gladwell anasema kilichofanya kazi ni kile kiti cha baba yake. Wivu.

Bwana Wamalwa amepiga simu. Kesi ya mali ni Februari, na tafadhali, siku hiyo mimi nibaki nyumbani. Nimemwelewa. Ananificha ili upande wa pili usinizoee.

Jioni nimeanza kumfundisha mama yangu kuzirai, kwa ajili ya Februari. Anaanguka vizuri, ila kwanza anashika sketi.