Mafuta Yangu na Choo cha Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimepanda mashine ya kupima mafuta ya mwili pale jimu. Asilimia thelathini na moja! Binamu yangu, tunayemwita Kijiti, alicheka hadi akakaa chini. Eti nikiingia bwawani maji yatahama. Kocha kasema timu ya kuogelea imebakiza nafasi moja. Mwisho wa mwezi ataipa yule kati yangu na Kijiti atakayekuwa amepunguza mafuta zaidi, na mashine itasema. Naitaka kuliko chakula. (Karibu.) Sikujibu kitu, kama kawaida yangu. Lakini kimya kingi kina mshindo!

Jumatano, 6 Machi
Mbinu: masweta matatu, kisha kukaa juu ya baiskeli bila kukanyaga. Jasho chepechepe! Nikayaaga mafuta. Nikapima: thelathini na tatu. Kocha akanieleza taratibu kwamba jasho ni maji tu, mwanangu, na mwili ukikauka mashine husoma vibaya. Kijiti akauliza kama nahamia kwenye barafu. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeng'amua! Ukavu ukipandisha, maji yatashusha. Nagida chupa kwa chupa. Kasoro moja: choo kiko ghorofa ya tatu. Napanda, nashuka, sijatulia, napanda tena. Mazoezi yenyewe hata siyagusi.

Ijumaa, 22 Machi
Sasa ngazi napanda mbio. Haja haina adabu. Kijiti kutwa yuko kwenye kioo, anajipiga picha misuli. Mama kauliza mbona suruali yangu inaporomoka. Nimemwambia labda imelegea kwa kufuliwa.

Jumamosi, 30 Machi
Ishirini na tisa! Kijiti palepale alipokuwa. Nafasi ni yangu! Kocha akanipiga begani, akasema kila siku ananiona kwenye ngazi, na ngazi ndizo zilizofanya kazi. Maji hayachomi mafuta. Kijiti akanipa mkono kwa shingo upande: hongera, bwana tangi. Na mimi nikasema asante. Kwa sauti. Mbele ya watu!

Jumapili, 31 Machi
Nimetafakari. Kocha ni mtu mwema, ila hapa kateleza. Siri ni maji, mtoto mdogo anaona. Ngazi zinanipotezea tu muda wa kunywa. Nimemwomba mlinzi aniruhusu kutumia lifti ya mizigo. Kakubali! Timu nzima itanishukuru.