Kopo la Kwapani, Njia ya Busia

Wandugu wa hii grupu, leo nimeaibika mpaka masikio yakashika moto. Bado yanawaka. Naandika nikiwa nimekaa nje ya kliniki hapa Busia mjini, nakunywa soda ambayo hata siisikii ladha.

Iko hivi. Mimi na bibi yangu Amoit tumetafuta mtoto tangu tuoane, hatujapata. Amoit akapimwa, akaambiwa yuko sawa. Tukabaki mimi. (Dume zima, fundi wa kuchomelea mageti, nikaanza kutokwa jasho kabla hata sijaguswa.)

Wiki jana daktari, mama mmoja mwenye subira ya ajabu, akanifafanulia. Mbegu ya mwanaume ina mkia. Kwenye huo mkia kuna vimilango vidogo sana, vya kupitisha madini. Vikifunguka, kalsiamu inaingia, mkia unachapa kwa nguvu, mbegu inasukuma mpaka inapenya yai. Vikikataa kufunguka, mbegu zinaweza kuwa tele na bado zisifike popote.

"Sasa daktari, vyangu vinafunguka?" (Mageti yangu yote yanafunguka, jamani. Ulizeni kwetu Chakol nzima.)

"Hicho ndicho tunataka kujua. Ukitolea nyumbani kwenye hili kopo, zilete mbio, zikiwa na joto la mwili. Zikipata baridi zinavurugika, na mimi nitapima uongo."

Kazi yenyewe ya leo asubuhi sitaieleza. Amoit alinisaidia kwa kutoka nje na kuongeza sauti ya redio. Kisha akavalisha lile kopo soksi yake, akanisukumia kwapani.

"Bana hapo. Usisalimie mtu!"

Okisai wa boda alikuwa anangoja. Mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha, upepo wa baridi.

"Okisai, endesha haraka, lakini kwa mashimo polepole."

"Boss, chagua moja."

Tumepita Chakol kidogo tu, kizuizi! Kumbe polisi wanasaka sukari ya magendo kutoka Uganda. Abiria wa Probox moja walikuwa wameshushwa, wamepangwa kando ya lami. Afande mmoja, dada mrefu, akanijia.

"Shuka! Mikono juu!"

Nikainua mmoja.

"Nimesema mikono. Huo mwingine?"

"Unauma, afande."

"Unauma na umebana kitu? Ni nini hiyo?"

"Ni... dawa."

"Imetoka ng'ambo?"

"Hapana, afande. Imetengenezwa hapa hapa." (Huu mdomo wangu siku moja utaniua.)

"Inua!"

Nikainua. Kopo likachomoka kwenye soksi, likagonga lami, likaviringika mpaka miguuni pa mama mmoja wa ile Probox. Akainama, akaliokota. Akainua uso.

Mama mkwe!

Jamani. Huyu ni mtu ambaye tangu nimuoe bintiye hatujawahi kupeana hata mkono. Heshima ya ukwe kwetu si mchezo. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Na sasa ameshika... mnajua alichoshika.

"Mama, usifungue!" nikapiga kelele.

"Kwa nini asifungue?" Afande akakunja uso. "Mama, hebu fungua tuone!"

Mama mkwe akashika kifuniko. Hapo akili ikaniruka kabisa.

"Ni mbegu zangu! Za kiume! Napeleka kwa daktari! Na zinapata baridi!"

Hata Okisai alizima pikipiki asikie vizuri. Afande akauma midomo. Mama mkwe akatazama kopo, akanitazama mimi, akatazama kopo tena. Nikajua sasa analitupa mtaroni, na ndoa yangu pamoja nalo.

Hakulitupa. Alilifunga kwa leso yake, akalikumbatia kifuani.

"Afande," akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, "mwachilie huyu aende. Hawa wajukuu wangu wanashikwa na baridi."

Wueh! Akina mama wa Probox wakapiga vigelegele. Afande akakimbia mwenyewe kuinua kizuizi, machozi ya kicheko yanamtoka. "Pisha! Pisha watoto wapite!" Mama mkwe akampa Okisai kopo, Okisai akanipa mimi (heshima lazima, hata wakati huo), tukaondoka kama tumeiba.

Kliniki, daktari akaweka tone chini ya darubini. Akaongeza homoni, aina ile mbegu hukutana nayo karibu na yai, kisha akaniita niangalie. Nilikuta vijidudu vinatembea kama watu wasio na haraka. Ghafla mikia ikaanza kuchapa!

"Vimefunguka?"

"Si kwa zote. Lakini kwa nyingi, ndiyo. Njoo na Amoit tupange hatua inayofuata."

Nikamkumbatia. (Akaniomba kwanza nikanawe mikono.)

Nimempigia Amoit. Amecheka, akalia, akacheka tena. Anasema mamake alishampigia kutoka palepale kizuizini, na kuku ameagizwa achinjwe.

Kwa hivyo ndugu zangu, naomba msicheke. Na mwenye kuendesha hii grupu aniambie haraka: nani alimwingiza mama mkwe humu, na mbona naona ameshasoma?