Malalamiko ya Kuwekewa Oksijeni Kabla ya Kusalimiwa

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nimeitikia kabisa.

Mimi ni Mzee Athanasi Rwegoshora wa Mabira, niliyepigwa kifuani na fahali juzi Jumanne. Fahali mwenyewe mpaka leo anachechemea. Naandika kwa heshima zote kumshitaki nesi wako Mackrine, na kuomba mpira huu wa oksijeni utoke puani mwangu leo.

1. Nilishuka kwenye bodaboda kwa miguu yangu. Kwetu mgeni husalimiwa, huulizwa ukoo, habari za ng'ombe, ndipo shida yake. Mackrine alinibandika mpira nikiwa bado mlangoni, eti babu pumua kwanza, ukoo baadaye. Eti mbavu zimevunjika, pafu limechubuka, tukichelewa itakuwa balaa. Nani kachelewa? Mimi nimefika toka Mabira kwa dakika arobaini tu!

2. Kidude cha kidoleni cha kupimia hewa kiliniandikia themanini na mbili. Ndugu Mganga, nilikosoma mimi hakuna aliyewahi kupata alama hiyo, hata mtoto wa mwalimu. Badala ya kunipongeza, akaongeza hewa. Sasa nina tisini na sita na bado haniruhusu. Anataka ngapi?

3. Hili ndilo linaniuma. Kijijini kwetu mpira wa puani ni wa mtu wa kuagwa. Jirani yangu Yusto alichungulia dirishani, akaniona nao, akarudi mbio. Kufika jioni wamekata mikungu yangu sita ya ndizi za matanga, na kaburi wamechimba kwenye kibanja changu cha migomba, katikati ya kahawa. Mke wangu Deodatha anapokea pole. Nimempigia simu kwamba mimi mzima. Akasikia mashine ya oksijeni inavyokoroma, akazidi kulia.

Kwa hiyo nadai oksijeni iwe ya mwisho, siyo ya kwanza. Mgonjwa asalimiwe, wazee wakae, ndugu wafike toka kijiji cha Chonyonyo, wakikubaliana ndipo iwashwe. Na mwanaume wa kifua kama changu asiwekewe kabisa. Kukuthibitishia, nautoa sasa hivi nimalizie barua bila huo mpira.

4. Pia huyo Mackrine ana

Wasalimie manesi wote, mlinzi wa getini na mama wa chai. Mackrine nimeshamsalimia mwenyewe.

Ni mimi, mzima,
Mzee Athanasi Rwegoshora, kitanda cha kwanza

Nyongeza: Namba nne siikumbuki. Nimezinduka Mackrine kanirudishia mpira, anasema kidude kilishuka hadi sabini na moja. Namba moja hadi tatu zifute. Halafu kaletwa mgonjwa mwingine, Elpidius, kaangukiwa na mti kifuani, na kwa kuwa mashine ni moja tumeunganishwa wote wawili. Leteni ya pili leo hii. Huyu mtu anavuta sana.