Gari la Zimamoto Nimelituma Kuze

Leo nimeaibika, jamani, na nimeaibika kwa spika!

Mwajua vile vyumba vya kupokea simu za moto, kila mji na chake? Vinafungwa. Simu za Pwani nzima zitapokewa kituo kimoja. Leo ilikuwa majaribio, mkubwa wetu achague nani atabaki kwenye simu na nani ataenda stoo kukunja mipira ya maji. Mimi niliyezaliwa papa hapa kisiwani, kila kichochoro nakijua, sikuwa na wasiwasi hata chembe. (Kiburi hicho.)

Kando yangu kaketi Mwende, binti wa Kitui, mgeni wa mji. Kila anayepiga, yeye humuuliza, "Uko wapi sasa hivi?" Hata aliyesema yuko Marikiti akaulizwa tena! Nikamcheka.

"Binti, sisi huku hatuulizani. Twajuana!"

Mkubwa kusikia vile akafurahi, akaiweka simu yangu kwenye spika ili wenzangu wajifunze.

Ikalia. Sauti naijua: Bi Rukia, mama mkwe wangu!

"Salim mwanangu, mafuta yameshika moto jikoni! Nimetoka nje, lakini..."

"Usiongeze neno, Mama! Kaa huko huko nje, pako napajua!"

Nikakata. Nikatuma gari Kuze, mtaani kwake. Nikamkonyeza Mwende. (Ndiyo, nilikonyeza.)

Vichochoro vya Kuze gari haliingii, kwa hivyo vijana wakakimbia na mipira begani mpaka mlangoni kwa Bi Rukia. Wakafunguliwa na mpangaji, kijiko cha biriani mkononi.

"Moto? Moto gani?"

Simu ikalia tena. Mwende akaiwahi, nayo ikatoka kwenye spika ile ile. "Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Tudor, kwa binti yangu mdogo! Moto majirani wameshauzima kwa blanketi la majimaji. Huyo Salim yuwapi? Kuhama kwangu hakujui? Kabati langu si alilibeba yeye Jumapili?"

Lo! Kweli nililibeba. Mgongo bado waniuma!

Chumba kizima wakanigeukia. Kisha mkubwa akaangua kicheko, na hapo nikaiona stoo hiyo yanijia.

Alhamdulillahi, sikupelekwa. Nimebakishwa kwenye simu, ila nianze mafunzo upya. Mwalimu wangu ni Mwende.

Na wewe unayecheka hapo, hebu niambie: mama mkwe wako anaishi wapi?