Klachi ya Pijo na Harusi ya Bhoke

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Pijo langu limekataa kupanda mlima wa kuingia Tarime. Injini inanguruma, mguu wangu unakandamiza mafuta, gari limesimama. Kisha likaanza kurudi nyuma, polepole, kwa heshima zake. Klachi imekwisha.

Gari la mwaka 1966. Rangi ya krimu, gia kwenye usukani. Nililinunua serikalini nilipostaafu ukarani, na halijawahi kuniaibisha hadharani.

Nyamhanga, mwenye shimo la dhahabu kule Matongo, akapita na pikapu yake mpya imejaa mawe. Akauliza kama nahitaji kuvutwa. Nikamjibu kwamba nimesimama kutazama mandhari. Naye akayatazama. Kulikuwa na punda mmoja na lundo la mchanga. Akasema kweli yanapendeza, akaondoka.

Jumamosi Bhoke anaolewa. Ni mtoto wangu wa ubatizo, na baba yake ni marehemu. Alipokuwa na miaka saba nilimwahidi kwamba siku ya harusi yake atakwenda kanisani kwa Pijo hili. Nyamhanga ni mjomba wa bwana harusi, na amekwisha kutamka mbele ya wazee kwamba mimi nikishindwa, pikapu ipo. Mimi nikishindwa! Zimebaki siku tano.

Jumanne, 3 Agosti

Mpango wa kwanza. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuniambia kwamba soda ikimwagwa ndani ya klachi huifanya ishike. Nikamwaga chupa nne kupitia tundu la juu. Mke wangu, Kokushubira, akauliza kama tumepata wageni. Nikamwambia ni suala la kiufundi.

Gari lilikwenda kwa nguvu za ajabu, hatua mia mbili, mpaka mbele ya zahanati. Hapo likatoa harufu ya sukari iliyoungua. Kisha wakaja nyuki.

Wachimbaji wanne waliokuwa njiani kwenda Genkuru wakanisukuma hadi nyumbani, huku wakiimba. Maneno ya wimbo ule hayakunipendeza. Mapigo yake yalikuwa mazuri.

Kokushubira alisema kutoka mlangoni kwamba kuna mtu ameunguza maandazi.

Jumatano, 4 Agosti

Nimekwenda Sirari kwa basi. Muuza vipuri mmoja, mtu wa ng'ambo ya mpaka, akanipa pleti ya klachi kabla sijamaliza kutaja gari langu. Aliniapia kwamba ni orijino kabisa, itaingia tu. Nikaridhika. Mtu anayesema kwa uhakika namna ile hawezi kuwa anabahatisha.

Nikaipeleka kwa fundi Yassini, gereji yake karibu na soko. Aliipima kiganjani, akaigeuza mara moja, akanieleza kwamba ni ya lori. Ni pana mno, na meno ya katikati hayaoani na ya Pijo. Alinieleza kwa upole, kama daktari anayempa mtu majibu.

Nikaomba nihudumiwe papo hapo. Akanionyesha ubao. Siku hizi, kwa ajili ya dhahabu, kila fundi wa Tarime ana pampu za mashimoni mlangoni pake, na Yassini ana utaratibu: pampu kwanza, kwa kuwa maji ya shimoni hayangoji mtu. Namba moja ni pampu ya Nyamhanga. Mimi ni namba nne. Kwa hesabu hiyo Pijo litakuwa tayari Jumamosi jioni, bibi harusi akiwa amekwisha kula keki.

Ubao huo huandikwa na Arafa, mke wa fundi, na Yassini habishani na chochote alichoandika Arafa. Hilo nililiweka akilini.

Yassini akaenda kuswali adhuhuri. Chaki ilikuwa pale pale. Nikafanya marekebisho madogo: moja ikawa nne, nne ikawa moja. Fundi aliporudi aliutazama ubao, akakuna kidevu, akaisogeza kando pampu ya Nyamhanga. Kisha akaagiza Pijo liletwe.

Mpango bora kuliko yote niliyowahi kubuni.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nimeona kazi.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa tangu saa mbili asubuhi, na sikuinuka mpaka alasiri. Yassini alilala chini ya Pijo na spana tatu tu. Kila nati aliyoifungua aliipanga juu ya gunia kwa mfuatano wake, nati ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, kama herufi katika mstari. Hakuna aliyeruhusiwa kurusha kivuli chake juu ya gunia lile. Giaboksi ikashuka kifuani kwake taratibu, akaipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Pleti yangu ya zamani ilikuwa imelika mpaka chuma. Hakuitupa. Akaichukua ile ya lori niliyoileta Sirari, akang'oa mapande yake magumu yanayosugua, akayakata kwa msumeno mdogo, akayasugua kwa tupa, akayapima, akayasugua tena. Akatoboa matundu kumi na sita. Akayabana mapande hayo kwenye pleti ya Pijo kwa riveti za shaba, nyundo ikipiga kwa sauti moja tangu riveti ya kwanza hadi ya mwisho. Ujinga wangu wa Sirari ukawa klachi mbele ya macho yangu.

Bado pleti ilitakiwa kukaa katikati kabisa, la sivyo giaboksi isingerudi. Hana chombo cha kuiweka sawa. Alichonga kijiti kwa kisu, akakiingiza tunduni, akakitoa, akakipunguza unywele mmoja, akakirudisha. Akafumba macho, akakizungusha kwa vidole viwili. Giaboksi ikaingia mara ya kwanza. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini na mitatu, na sijawahi kuona barua iliyoandikwa kwa usahihi wa kijiti kile.

Alipokuwa akinawa mikono, alinieleza chanzo.

"Mzee Venant, klachi hii haikuchakaa, ilichakazwa. Mguu wako wa kushoto unalala juu ya pedali ya klachi. Na ukisimama mlimani unalishikilia gari kwa klachi. Kwa nini huvuti breki ya mkono?"

Nikamweleza ukweli. Ninapopita, watu huniamkia. Mtu akikwambia shikamoo, huwezi kumjibu marahaba huku unakimbia kama mwizi. Unasimama kidogo, unamwitikia, unauliza habari za nyumbani. Ukivuta breki ya mkono ataona umekuja kukaa.

Yassini alijifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akanisihi niuondoe mguu huo, hasa siku hizi za mwanzo. Ni ushauri mzuri sana, unaowafaa madereva wapya.

Ijumaa, 6 Agosti

Pijo limepanda mlima kama swala! Nimepanda mara tatu, ili watu wa pande zote waone.

Niliporudi gereji nikamkuta Nyamhanga. Amekuja kuchukua pampu, pampu haijaguswa. Shimo lake limejaa maji tangu jana, na wafanyakazi wamerudi makwao mpaka Jumatatu. Nikajiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alisema tu kwamba, kwa vile hakuna mawe ya kubeba, kesho pikapu haina kazi. Ameiosha. Ameifunga utepe. Atanifuata nyuma, kwa lolote.

Pampu yake ingetengenezwa, kesho pikapu hiyo ingekuwa Matongo imejaa mawe.

Alipoondoka, Arafa akautazama ubao. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba namba moja anayoiandika yeye haina kofia wala viatu, na hii imevaa vyote. Kisha akanipa ufagio. Nikafagia gereji yote, na uchochoro.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku yenyewe.

Bhoke alitoka nyumbani kwao Matongo saa nne, amevaa gauni jeupe, akaketi kiti cha nyuma pamoja na mama yake. Pijo likaondoka bila mtikisiko. Nyamhanga nyuma yetu, na utepe wake.

Barabara nzima ilikuwa na watu. Nani asingesimama kumwona bibi harusi ndani ya gari kama lile? Wakaniamkia mmoja mmoja, nami nikawaitikia mmoja mmoja. Mlima wa Tarime ndio uliokuwa na wengi kuliko kwingine. Kundi la kwanza, nikalishikilia gari, nikaitikia. Kundi la pili. Kwa kundi la tatu, kwaya nzima, nilishikilia mpaka sauti ya nne ilipomaliza.

Moshi. Injini ikanguruma, gari likasimama.

Nyamhanga alikuja dirishani. Akasema pikapu i tayari, viti vimetandikwa kitenge, na kanisa linangoja. Mama yake Bhoke tayari alikuwa amefungua mlango. Sikuweza kugeuka kumtazama mtoto yule. Nikatazama usukani.

Bhoke akamshika mama yake mkono, akaufunga mlango.

"Baba, uliniahidi gari," akasema. "Injini hukuitaja. Mjomba, una kamba?"

Nyamhanga alikuwa nayo. Bila shaka.

Jumapili, 8 Agosti

Tuliingia kanisani saa sita kasorobo, pikapu mbele, kamba, kisha Pijo. Bibi harusi alishuka kutoka katika gari nililomwahidi. Watu walipiga vigelegele vikubwa. Wengine walicheka pia, kwa furaha bila shaka. Yassini alikuwa mlangoni. Aliitazama kamba, akaninusa, akafumba macho.

Kokushubira anauliza nimejifunza nini. Nimetafakari swali lake kwa haki. Nimejifunza kwamba mapande ya lori hayana subira, na kwamba Yassini ndiye fundi mkuu wa mkoa huu, na Jumatatu atapata fursa nyingine ya kunionyesha ufundi wake.

Pia lazima iandikwe kwamba kuvutwa kwa kamba kunahitaji dereva mahiri. Hatukuzidi mwendo wa miguu, kwa hiyo niliwaitikia wote, hata watoto. Sikukosea kona hata moja. Na mguu wangu wa kushoto ulikaa juu ya klachi tangu mlimani hadi mlango wa kanisa, tayari kwa lolote.