Pacha wa Ua la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa mwanangu. Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe hunitaja kama "huyu fundi", hata nikiwa nimeketi mbele yake. Leo, kabla ya kwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, amenikabidhi chungu cha ua lake. "Mwanangu, nakuachia huyu." Huyu, si hili. Ni ua la majani tu, mapana, yenye michirizi kama iliyochorwa kwa brashi. Alipewa na marehemu baba mkwe. Akaniusia: kivulini, na maji kidogo kidogo. Shemeji, kaka wa mke wangu, alidhani ataachiwa yeye. Kaondoka bila kuaga. Mke wangu amefuatana na mama yake hospitali. Nimebaki mimi na ua.

Jumatano, 5 Machi

Nimefikiri sana. Mtu akirudisha amana vilevile alivyopewa, amefanya nini cha kusifiwa? Nataka alikute limenenepa. Nimelitoa uani lipate jua la kushiba. Alasiri majani yalikuwa yamejikunja kama sigara. Nikalimwagia ndoo nzima lipoe. Shemeji kapiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia wa hospitali anaendelea vizuri, wa nyumbani ndiyo usiseme.

Ijumaa, 7 Machi

Limekwisha. Majani yote rangi ya chai. Nimeyakata, mzizi nikautupa pamoja na udongo wake kwenye karai bovu nyuma ya karakana, chungu nikakiosha. Kisha kwa mama muuza maua, kona ya barabara. Akauliza nataka lipi. Nikasema lenye michirizi. Akacheka, akasema hapo yenye michirizi ni nusu ya duka: hili jani lake refu, lile lina mawimbi pembeni, na lile pale halina hata undugu na wenzake, wamefanana sura tu. Akataka nimweleze la kwetu lilikuwaje mgongoni mwa jani. Nani hugeuza jani? Nikamjulisha kuwa mimi ni fundi makochi, kitambaa nakitambua nikiwa ng'ambo ya barabara. Nikachagua mwenyewe. Pacha kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaingia jioni bila hodi. Akasema ua limependeza, ila mbona halijalala? Kumbe ua la mama jua likizama husimamisha majani, yakashikana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Asubuhi hufunguka. Nikasema linamsubiri mwenyewe, halipati usingizi. Akageuza jani. Akasema la mama mgongo wake ni zambarau, hili ni kijani huku na huku. Nikamwomba aache kumpapasa mgonjwa. Kaondoka akitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatatu, 10 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nina rangi ya ngozi ya zambarau iliyobaki kwenye kiti cha daktari wa meno. Nimepaka mgongo wa kila jani kwa brashi ndogo. Jua lilipozama nikayasimamisha majani na kuyafunga kwa uzi wa kushonea, taratibu, nisivunje hata moja. Alfajiri nitayafungua. Kochi la mteja leo halijaguswa. Nilipomaliza nikajikuta naliambia ua lala salama. Hakuna aliyesikia.

Jumatano, 12 Machi

Wamerudi. Jicho moja la mama limefunikwa, na lile jingine halikuwa la kutegemewa tangu zamani. Nikajisemea, Mola hamtupi mja wake. Asubuhi nilikuwa nimepiga rangi mkono wa pili.

Mama hakutazama. Alipapasa. Akapitisha kidole mgongoni mwa jani, kidole kikatoka zambarau. Kisha akavuta kipande cha uzi nilichokisahau. Shemeji alikuwepo, bila shaka, kavaa shati lililopigwa pasi.

Mama akaniuliza uzi ni wa nini. 

"Mama," nikasema, "halijui kulala. Nimekuwa nikililaza."

Mke wangu akatoka nje. Nilidhani analia. Kumbe kajishika mbavu.

Mama akasugua kidole. Akauliza mzizi wa ua lake nimeutupa wapi. Tukaenda nyuma ya karakana. Karai limelowa mvua, magugu yameanza kuota. Akachimba kwa kidole, akaugusa mzizi, ungali mgumu. Akasema ua hili hufa juu, chini likabaki hai, kwa hiyo karai lisisogezwe. Akaeleza pia jani lake changa huzaliwa vipi, ila shemeji alikuwa ananitolea macho, sikusikia vizuri. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mtu anayelaza majani kama watoto si mtu mbaya. Ila ni wa kuangaliwa."

Akasema jicho litaponea hapa kwetu. Shemeji alikuwa ameshamtandikia kitanda kwake. Mimi nikaenda karakana nikajifanya natafuta misumari. Machozi ya mtu mzima si ya kuonyeshana.

Jumapili, 16 Machi

Kesho mama anaondolewa kinga ya jicho. Amesema akitoka kwa daktari anataka kuliona karai kabla ya kitu kingine chochote. Sasa, ataonaje lile pori? Wakati amelala mchana nimeamua kumpalilia kimyakimya. Palilio hili si la kila mtu, linataka jicho la fundi. Palikuwa na miche miwili yenye afya, majani mapana, kijani kibichi. Hiyo ndiyo yenyewe, nimeiacha katikati. Majani membamba nimeng'oa. Na kulikuwa na kijiti kimoja cha ajabu, kimejiviringisha kama karatasi, zambarau tupu, hakina hata jani. Kiling'ang'ania kweli. Nilikitoa kwa koleo.

Karai sasa linapendeza. Nimempigia shemeji kumwalika kesho aje ashuhudie. Amekubali upesi sana.